Jigambe, Lakini Uwe Umenyeshewa

Hotuba kwa wanachama wa vilabu vya mbio waliokutana Moshi kwa mazoezi ya pamoja kabla ya Kilimanjaro Marathon. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, poleni na mazoezi. Viongozi wa vilabu mliotoka Arusha, Tanga na Dar es Salaam, karibuni sana Moshi, na mlioteremka kutoka Rombo na Marangu, hapa ni kwenu. Akina mama mlioamka usiku kutupikia uji, Mungu awabariki.

Nimeombwa niseme machache kuhusu nidhamu ya mkimbiaji. Nidhamu ya kulala mapema, nidhamu ya kula, nidhamu ya kuamka, yote hayo makocha wenu wamewaambia na wataendelea kuwaambia. Mimi naomba niongelee nidhamu ambayo hatuifundishi kabisa, nidhamu ya mdomo. Naongelea majigambo. Mbio zitakwisha Jumapili asubuhi, na kufikia saa nane mchana simu zote za mji huu zitakuwa zimejaa picha za medali. Kila mtu atakuwa na la kusema. Sasa nawauliza, ndugu zangu: nani kati yetu atakuwa na haki ya kulisema?

Najua tulivyolelewa. Tumeambiwa kujisifu ni tabia mbaya. Tumeambiwa debe tupu haliachi kuvuma, tumeambiwa kizuri chajiuza. Sipingi. Lakini wahenga haohao walituachia na neno lingine, nalo tunalitaja mara chache: asifuye mvua imemnyea. Lisikilizeni vizuri. Hawakukataza mvua isisifiwe. Wamesema anayeisifu ni yule iliyemlowanisha. Aliyekuwa barazani akitazama hana la kusema juu ya mvua ile, hata kama aliiona vizuri kuliko wote. Hilo ndilo jambo langu la leo, na sina jingine: kujigamba si dhambi, ila ni haki ambayo lazima mtu aichumie.

Magharibi mwa Ziwa Viktoria, kwa Wahaya wa Kagera, kwa Wanyankole wa Uganda, kwa Wanyarwanda, kujigamba kulikuwa sanaa yenye kanuni zake. Walimu wa fasihi simulizi wanaziita tungo hizo vivugo. Mtu anasimama mbele ya watu, anajisifu kwa nafsi ya kwanza, kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe. Mimi niliyesimama wengine walipogeuka. Mimi niliyevuka mto wenzangu wakiuogopa. Lugha inapaa, chumvi inamwagwa, na wasikilizaji wanafurahi. Lakini angalieni kilichomo ndani. Vivugo vya Ankole vilitaja mahali pambano lilipotokea, na vilitaja wenzake msemaji aliokuwa nao. Na miongoni mwa waliokaa kusikiliza walikuwamo waliokuwapo siku hiyo. Mtu angeweza kusema mkuki wake ulitetemesha vilima, na watu wakashangilia. Lakini angesemaje kwamba alikuwa kwenye pambano ambalo jirani yake anajua hakwenda? Ndivyo ninavyoielewa mimi sanaa ile: maneno yalikuwa huru, tendo lilikuwa limefungwa kwa mashahidi.

Sasa niwapeleke kwa mzee wetu wa Mbulu. Wengi mnaijua habari yake, lakini naomba tuitazame tena kwa jicho la leo.

Tarehe 20 Oktoba 1968, jijini Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, wanaume 75 walianza marathoni ya Olimpiki. Miongoni mwao alikuwa John Stephen Akhwari wa Tanzania. Kabla ya kufika nusu ya njia, katika msukumano wa watu kugombea nafasi, akaanguka. Goti likaumia vibaya, bega likapiga barabarani. Ninyi mnajua kilomita zilizobaki zinavyokuwa ndefu hata kwa mtu mzima wa viungo. Wenzake 18 hawakufika mwisho siku ile, na hakuna aliyewalaumu, maana hewa ya kule ni nyembamba. Mamo Wolde wa Ethiopia akashinda kwa saa 2:20:26. Medali zikavaliwa. Watu wakaanza kutoka uwanjani, giza likaingia. Zaidi ya saa nzima baada ya mshindi akaingia mtu anachechemea, mguu umefungwa bandeji, akamaliza kwa saa 3:25:27. Alikuwa wa 57, wa mwisho.

Walipomuuliza kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 aende akaanze mbio, ilimtuma akazimalize.

Nawauliza, ndugu zangu: yale yalikuwa majigambo au hayakuwa?

Wengi husema yalikuwa maneno ya unyenyekevu. Mimi nasema yalikuwa majigambo, tena majigambo makubwa kuliko yote ambayo Mtanzania amewahi kuyatoa mbele ya dunia. Tazameni alichodai. Alidai kumaliza. Na alikuwa amemaliza. Hakuongeza hata herufi moja juu ya tendo lake. Hakusema, kama nisingeanguka mngeniona. Hakusema, nilikuwa na mwendo wa medali. Maneno hayo sisi tunayasema kila Jumapili! Nenda klabu yoyote uhesabu: kama si msuli kubana, kama si ile jua, kama si wale wa mbele kuniziba. Mbio za "kama" tumezishinda wote. Mzee Akhwari alikuwa na "kama" halali kuliko mtu yeyote, goti lake lilikuwa linavuja damu, na hakuitumia.

Na kuna kitu kinaniuma katika namna tunavyoisimulia habari yake. Tunamsimulia kama mtu wa kuhurumiwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, mtu huyohuyo alikimbia marathoni kwa saa 2:15:05 na kushika nafasi ya tano. Saa mbili na dakika kumi na tano! Nani hapa amewahi kuusogelea muda huo? Yule hakuwa mkimbiaji dhaifu aliyejikongoja. Alikuwa mmoja wa wakimbiaji bora wa zama zake aliyepatwa na siku mbaya. Tukimsimulia goti tu, tunamnyang'anya nusu ya haki yake.

Sasa tugeuke upande wa pili, kwa aliyevaa taji bila kunyeshewa.

Boston, Marekani, tarehe 21 Aprili 1980, siku ya marathoni. Mwanamke anaitwa Rosie Ruiz anavuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza miongoni mwa wanawake, kwa saa 2:31:56. Wakati ule huo ulikuwa muda wa ajabu. Anavikwa taji la majani, anapigwa picha. Ila waliokuwa karibu wakaanza kutazamana. Jasho halikuwa lile la mtu aliyekimbia kilomita 42. Bill Rodgers, aliyeshinda upande wa wanaume siku hiyo, aliingiwa na shaka mapema. Kathrine Switzer, mkimbiaji mkongwe aliyekuwa akimhoji, akamuuliza juu ya mazoezi ya vipande vya kasi, yale tunayoyafanya uwanjani kila Jumanne, na mama yule hakujua yanazungumziwa nini. Watu wakakumbuka kumwona akichomoka katikati ya watazamaji ikiwa imebaki chini ya maili moja. Ikaja kugundulika pia kuwa marathoni ya New York iliyompa nafasi ya kwenda Boston, sehemu ya njia aliipita kwa treni ya chini ya ardhi. Baada ya siku nane wakamfuta.

Mmeona alivyokamatwa? Kabla hata ya ushahidi wa picha na wa mashahidi, alikamatwa kwa mazungumzo. Mtu aliyenyeshewa anajua mvua ilianzia wapi, ilipigia upande gani, viatu vililowa saa ngapi. Mwulize mtu yeyote aliyepanda kipande cha mlima cha Mweka tutakachokipanda siku ya mbio, atakwambia ni kona ipi miguu ilikataa na ni mtoto gani alimpungia mkono. Wewe ambaye hukupanda utasema nini? Utasema palikuwa pagumu. Basi.

Lakini naomba tusimalizie kwa Rosie Ruiz, maana habari hii kila mara husimuliwa kama habari yake yeye, na hapo ndipo dhuluma inapoendelea. Siku ile palikuwa na mwanamke mwingine, Jacqueline Gareau wa Kanada. Alikimbia kila hatua ya njia ile akijua kuwa anaongoza wanawake. Alifika kwa saa 2:34:28, ambao ulikuwa muda wa haraka kuliko wa mwanamke yeyote aliyewahi kukimbia Boston kabla yake. Akaambiwa wewe ni wa pili. Fikirini moyo ule! Ni kweli, wiki moja baadaye walimwita Boston wakampa haki yake. Lakini ule umati wa Aprili 21 ulikuwa umeshatawanyika. Mwaka 2005, miaka 25 baadaye, walimwalika tena kama mgeni wa heshima na akapita kwenye mstari ule watu wakimshangilia. Ni jambo jema, nawapongeza waliolifanya. Ila ile siku yenyewe, nani ataweza kumrudishia?

Kwa hiyo anayejigamba bila haki haongopi tu. Anaiba. Majigambo aliyoyachukua yana mwenyewe, na mwenyewe amesimama palepale nyuma yake akihema.

Na hapa naomba niseme na sisi wenyewe, bila kutaja klabu wala mtu. Kuna tabia imeingia ya kukimbia na namba ya kifuani ya mwingine. Dada amepata dharura, namba yake anampa kaka. Kaka anakimbia vizuri, matokeo yanatoka, na kwenye orodha ya wanawake wa rika fulani panatokea jina katika nafasi ya tatu. Je, mwanamke aliyekuwa wa tatu kweli, aliyeacha watoto nyumbani alfajiri miezi mingi akajifua, yuko wapi? Yuko wa nne. Yeye ndiye Gareau wetu, na sisi tunamwambia "ni mbio za kujifurahisha tu, dada". Halafu kuna hatari nyingine. Ukianguka njiani, madaktari wataisoma namba ile, watampigia simu ndugu wa mtu mwingine, wataangalia taarifa za mwili wa mtu mwingine. Msifanye. Nawaomba kama mzazi, msifanye.

Na wale wanaokata kona? Nao nawaambia jambo moja. Njiani kuna mikeka ya kusoma chipu, kile kidude cha kupima muda anachovaa kila mkimbiaji, nayo haina undugu na mtu. Lakini hata pasipokuwa na mkeka, wewe mwenyewe ulikuwapo.

Sasa niwaelezeni jambo ambalo mimi lilinifanya niupende mchezo huu zaidi. Mnajua njia ya marathoni inavyopimwa? Mpimaji hupita na baiskeli iliyofungwa kidude cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, akifuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, akibana kila kona. Na akishapata vipimo vyake, kwa kila mita 1,000 huongezwa mita 1. Kwa marathoni nzima ya kilomita 42.195 ni kama mita 42 za nyongeza. Kwa nini waongeze? Ili kama palitokea kosa katika kupima, kosa hilo limwonee mkimbiaji, lisimpendelee. Mtu anakimbia mita arobaini asizodaiwa, ili siku akisema "nimekimbia marathoni" pasipatikane hata hatua moja ya kumsuta. Mimi naona huo ni uungwana mkubwa. Ukitaka kujisifu kwa kitu, kipime kwa namna inayokuonea.

Mtu aliyelielewa hilo kuliko wote ni jirani yetu wa Kenya, Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019, Vienna, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuushusha umbali ule chini ya saa mbili. Dunia nzima ikasimama. Lakini je, ilikuwa rekodi ya dunia? Haikuwa. Alikuwa na wakimbiaji 41 wa kumwekea kasi wakipokezana kwa makundi, gari mbele likimchorea mstari barabarani kwa mwanga, maji analetewa na mtu wa baiskeli, na hapakuwa na mashindano ya kushindana na mtu. Shirikisho la riadha la dunia halikuuandika muda ule kwenye rekodi, na wala lile tukio halikuwa limeandaliwa ili uandikwe. Rekodi yake ilibaki ile ya Berlin ya mwaka 2018, saa 2:01:39. Mwaka 2022 akarudi Berlin, kwenye mashindano ya watu wote, akaishusha hadi 2:01:09. Mwaka uliofuata kijana Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, akaichukua rekodi kule Chicago kwa 2:00:35.

Basi Kipchoge ana mambo mawili ya kujigambia, na kila moja lina jina lake. La Vienna ni la mtu wa kwanza kuonyesha kwamba inawezekana. La Berlin ni la rekodi. Akichanganya, anaharibu yote mawili. Asipochanganya, hakuna wa kumnyang'anya hata moja.

Na sisi tufanye hivyohivyo. Kama umekimbia 21, sema 21, usiseme "nimekimbia Kilimanjaro Marathon" ukaacha watu wadhani ni 42. Kama muda wako ni wa chipu, sema ni wa chipu, maana huo huanza wewe unapovuka mstari wa kuanzia, na wa bunduki huanza bunduki inapolia. Kama saa yako ya mkononi imekwambia kilomita 21 na nusu, fuata njia iliyopimwa, acha saa. Kama ulitembea pale Mweka, sema ulitembea. Kutembea hakupunguzi kitu! Kuficha ndiko kunakopunguza.

Sasa nageukia upande mwingine, na hapa naomba wanyenyekevu mnisikilize zaidi, maana ninyi ndio wengi.

Ipo dhambi ya pili ambayo hatuisemi, ya mtu aliyechuma haki yake akaacha kuitumia. Nikikutana na vijana wa shule nikawauliza wanaowajua katika riadha, wananitajia Wakenya na Waethiopia. Vizuri. Nikiwauliza Filbert Bayi alifanya nini, wananyamaza, au wananiambia ana shule Kibaha. Ni kweli ana shule, na ni kazi nzuri. Lakini sikilizeni alichokifanya kabla ya hizo shule.

Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bunduki ikalia, Bayi akaondoka mbele. Wakati ule watu wa mita 1500 walizoea kuviziana, wakisubiri mzunguko wa mwisho. Yeye hakuvizia mtu. Alikimbia mbele tangu mwanzo, akawapa wenzake mgongo wautazame, akisema kwa miguu yake: anayenitaka anifuate. John Walker wa New Zealand, mbele ya watu wa kwao, akamfukuza mpaka mwisho. Hakumpata. Dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Rekodi ya zamani ya Jim Ryun ilikuwa na umri wa karibu miaka saba, na mbio zile zilikuwa kali kiasi kwamba hata Walker, wa pili, naye aliivunja. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975 kule Kingston, Jamaika, Bayi akachukua na rekodi ya dunia ya maili kwa 3:51.0. Na ule muda wa Christchurch ulikaa kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mpaka mwaka 2022. Hesabuni wenyewe. Miaka 48!

Mwaka 1976 Tanzania haikwenda Olimpiki ya Montreal. Nchi nyingi za Afrika zilisusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akashinda dhahabu ya mita 1500. Nimewasikia watu wakisema, Bayi angekuwapo angemchapa. Inawezekana. Lakini hiyo siyo yetu kujigambia, hiyo imo katika zile mbio za "kama". Yetu ni Christchurch. Yetu ni Kingston. Yetu ni Moscow 1980, pale Bayi alipochukua fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5000. Tuna mali hii yote ndani ya nyumba, kwa nini tunakwenda kuazima ya kudhania?

Na Septemba 15, 2025, Tokyo, mlikuwa macho wangapi? Alphonce Simbu, marathoni ya mashindano ya dunia. Joto, unyevu, kundi kubwa likisafiri pamoja. Wanaingia uwanjani, Amanal Petros wa Ujerumani yuko mbele, mstari unaonekana, na Simbu anamvuta, anamvuta, wanajirusha pamoja. Wote wakaandikiwa saa 2:09:48. Picha ya mstari ikasema Simbu, kwa sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42, tofauti ni chini ya kupepesa jicho. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo.

Haikushuka kutoka mbinguni asubuhi ile. Alikuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Alichukua shaba kwenye mashindano ya dunia London mwaka 2017. Ikapita miaka. Aprili 2025 akawa wa pili Boston. Miaka tisa mtu anabisha hodi mlango uleule, na tulikuwa tumeshaanza kumsahau.

Siku ile nchi nzima ilisema "tumeshinda". Nami nilisema, nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Lakini baada ya kutulia nikajiuliza, na nawauliza ninyi: tumeshinda, sisi akina nani? Aliyemfundisha ana haki ya kusema. Aliyempokea kambini, aliyempikia, mwenzake aliyemvuta kwenye mazoezi akachoka yeye ili Simbu asichoke, jeshi lililomwajiri, wote hao walinyeshewa sehemu yao. Sisi wengine? Viwanja vya shule vinamezwa na majengo, tunapita tu. Watoto wanatoka kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, wana miguu ya ajabu, wakirudi nyumbani hakuna wa kuwauliza wanaendelea wapi. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu naamini "tumeshinda" ni neno zuri sana, na nataka tulistahili. Njia zipo, na hazihitaji miguu ya dhahabu. Simama kwenye kituo cha maji mpaka mkimbiaji wa mwisho apite, na yeye umpe maji ya baridi kama aliyepewa wa kwanza. Mnunulie viatu mtoto mmoja wa jirani. Nenda kwenye kikao cha kijiji siku kiwanja kinapogawanywa, ukaseme. Ukifanya hayo, siku mtoto yule akishinda, simama juu ya meza useme tumeshinda, na mimi nitakushikia meza.

Nina la mwisho, linamhusu mama mmoja wa klabu yetu, ambaye hatapenda nimtaje. Mwaka mmoja alikimbia nusu marathoni hapa, mara yake ya kwanza, umri umekwenda, miguu ina historia yake. Alifika wakati mahema yanafungwa. Nilipanda naye daladala, nikaona medali hana shingoni. Nikamuuliza. Akasema, "Mwalimu, nimeiweka kwenye mkoba. Nimekuwa wa mwisho, nitaivaaje watu wakaniona?" Pembeni yetu walikaa vijana wawili waliokimbia kilomita 5, medali zinang'aa, wanasimulia tangu stendi.

Sikuwalaumu vijana, walikuwa wamekimbia kilomita tano zao na walisema tano. Nilimwambia mama: toa medali. Wewe umekaa barabarani muda mrefu kuliko sisi wote. Jua lililotuunguza sisi asubuhi ni dogo, lako wewe ni la saa tano. Akaitoa, akaivaa, na kondakta akamuuliza imetoka wapi. Akamwambia. Akamwambia kilomita zote, kipande kwa kipande, kona ya Mweka, kituo kilichoishiwa maji, na msichana aliyemshika mkono mlimani, ambaye hakumjua jina. Daladala zima likawa kimya linamsikiliza, na wale vijana wawili wakawa ndio wanaomuuliza maswali.

Kwa hiyo ndugu zangu, nimezungumza na viongozi wa vilabu na tumekubaliana hivi. Jumamosi itakayofuata baada ya mbio tutakutana hapahapa, na kila mtu atapewa nafasi ya kujigamba. Utasimama, utataja umbali ulioukimbia, muda wako na kama ni wa chipu au wa bunduki, mahali ulipotembea kama ulitembea, na jina la mtu mmoja angalau ambaye bila yeye usingefika. Ukishayataja hayo, pamba maneno utakavyo, jiite simba, jiite radi, sisi tutashangilia. Anayetaka kuja na kivugo kamili kwa lugha ya kwao aje nacho. Waliosimama kwenye vituo vya maji nao wataitwa mbele. Na kila klabu itaanza na mtu wake aliyefika wa mwisho.

Makatibu, andikeni majina kabla ya kuondoka leo. Kesho tunaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri pale getini, kilomita 18, mwendo wa kuongea. Asanteni sana kwa kunisikiliza.